Mgonjwa wa Kiharusi Akisharuhusiwa: Kazi Inayohamia Nyumbani

Barua ya kuruhusiwa hospitali huwa ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili. Daktari ameiandika kwa ajili ya daktari mwenzake, lakini anayeibeba hadi nyumbani ni mtu ambaye pengine hajawahi hata kumgeuza mgonjwa kitandani. Wodini kulikuwa na wauguzi wa zamu, mtaalamu wa fiziotherapia, mtu wa kugawa dawa na mtu wa kupima presha. Jioni ya siku hiyo kazi zote hizo zinamwangukia mke, mwana au dada.

Bega lililovutwa, nimonia iliyotokana na kupaliwa, kidonda cha kisigino, dawa iliyoishia njiani: haya ndiyo yanayowarudisha wengi hospitalini, na mara chache hutokana na uzembe. Hutokana na kutoonyeshwa. Tena familia nyingi huamini kwamba uuguzi ni kitu kimoja na mazoezi ni kingine, kwamba mgonjwa anauguzwa kutwa kisha anafanyishwa mazoezi nusu saa mtaalamu akija. Sivyo. Namna unavyomwinua, unavyomvisha na unavyomlisha ndiyo tiba yenyewe, na hufanyika mara ishirini kwa siku, iwe vizuri au vibaya.

Kabla ya kutoka wodini

Anayepaswa kufundishwa ni yule atakayelala karibu na mgonjwa, hata kama msemaji wa familia ni mwingine. Na asifundishwe kwa maneno. Amhamishe mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti mara tatu, mtaalamu akiwa amesimama pembeni bila kugusa. Amlishe mlo mzima mbele ya muuguzi. Akikosea, akosee hapo.

Barua nayo ikaguliwe kabla ya kukunjwa. Iseme ni kiharusi cha mshipa kuziba au cha mshipa kupasuka, maana dawa za kuzuia damu kuganda zinazomlinda wa kwanza zinaweza kumdhuru wa pili. Iseme mgonjwa anaruhusiwa kula na kunywa vitu vya uzito gani, anahamishwa na mtu mmoja au wawili, na lengo la presha yake ni lipi. Kama ametoka na mpira wa mkojo, iseme uliwekwa kwa nini na utatolewa lini. Mpira usio na tarehe hukaa miezi, na kila wiki unayokaa unaongeza hatari ya maambukizi.

Jambo moja kuhusu dawa huwapotosha hata watu makini. Baada ya kiharusi kidogo cha kuziba, madaktari wengi huanzisha aspirini pamoja na klopidogreli, zote za kuzuia damu kuganda, kwa muda mfupi, mara nyingi siku 21, kisha moja huachwa na nyingine huendelea. Tarehe ya kuacha isipoandikwa, hutokea moja kati ya mawili. Ama zote mbili zinaendelea kwa miezi na mgonjwa anaanza kuvuja damu tumboni, ama zote mbili zinaisha kwenye pakiti na familia inadhani matibabu yamekamilika. Muulize daktari ipi inaachwa na siku gani, kisha andika tarehe hiyo kwa kalamu nzito juu ya boksi lenyewe.

Bega

Kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha bega. Kiungo hiki ni tufe linaloegemea kwenye kisahani chenye kina kifupi sana, na kinachoshikilia tufe lisiteleze ni misuli. Misuli hiyo ikipooza, mkono unaning'inia kwa uzito wake wote, ambao kwa mtu mzima ni kama kilo tatu hadi nne. Weka kidole chini kidogo ya ncha ya mfupa wa bega la mgonjwa aliyeketi huku mkono umeachiwa: mara nyingi utahisi kishimo ambacho bega la upande mzima, yaani usiopooza, halina. Kishimo hicho ni nafasi iliyoachwa na tufe lililoshuka. Sasa mtu akimshika mgonjwa huyo kwapani ili amnyanyue, au akimvuta kwa kiganja ili asimame, anavuta kiungo kisicho na kizuizi. Maumivu yake hukaa miezi, na mgonjwa mwenye maumivu ya bega hukataa mazoezi, halali vizuri na huacha kuutumia mkono kabisa.

Kwa hiyo mkono dhaifu usivutwe wala usiachwe ukining'inia. Akiketi, kigasha kiwe juu ya mto au meza, kiwiko mbele kidogo ya bega, kiganja kikitazama chini au pembeni. Unapouinua kwa mazoezi, mkono wako mmoja uwe chini ya kiwiko na mwingine nyuma kwenye sahani ya bega, yaani mfupa bapa wa mgongoni, ukiisindikiza sahani hiyo izunguke. Usiupandishe kupita usawa wa bega kama hukuonyeshwa namna ya kuugeuza kwa nje kwanza. Zile kamba za kuvutia mkono juu kwa kapi, mgonjwa akijivuta mwenyewe kwa mkono mzima, ziachwe. Zinaumiza bega kuliko zinavyolisaidia. Tanzi la kuning'iniza mkono shingoni livaliwe wakati wa kusimama na kutembea, kisha livuliwe, kwa sababu likivaliwa kutwa mkono unakakamaa ukiwa umekunjwa.

Watu huogopa kumlaza mgonjwa upande uliopooza. Wasiogope. Akilazwa hivyo kwa ufundi, upande ule unapata hisia na mkono mzima unabaki huru. Ufundi wenyewe ni kupitisha mkono wako chini ya bega na kuivuta sahani yake mbele taratibu, alalie ubapa wa sahani badala ya ncha ya bega. Akilalamika, huenda hujaivuta vya kutosha.

Kiganja kikivimba, kikiwa cha moto na ngozi ikang'aa, usikikande kwa maji ya moto. Upande uliopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua. Kiinue juu ya mto na mjulishe mtaalamu.

Kutoka kitandani hadi kwenye kiti

Urefu wa kitanda uangaliwe kwanza. Akiketi ukingoni, nyayo zote zikae sakafuni na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kwa watu wengi hiyo ni sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro likiwa limekaliwa. Kitanda kifupi humfanya msaidizi avute kwa mgongo. Kirefu kupita kiasi humfanya mgonjwa ateleze.

Kiti kiwekwe upande wake mzima, kikikaribia kitanda kwa pembe. Kama ni kiti cha magurudumu, funga breki zote mbili na ondoa vikanyagio, maana vikanyagio ndivyo vinavyochana miguu. Avae viatu, soksi peke yake sakafuni ni anguko linalosubiri. Msogeze hadi ukingoni mwa kitanda, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Wewe simama mbele yake, ukielekea upande dhaifu, goti lako likizuia goti lake dhaifu lisikunjike. Mikono yako ishike mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwake, au nyonga zake. Yeye asikushike shingoni. Akikushika shingoni na goti likamlegea, mtaanguka wote wawili na utaumia wewe kwanza.

Halafu mwambie ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Wasaidizi wengi huikosa hatua hii: humvuta mgonjwa kwenda juu wakati uzito wake bado uko nyuma, kwenye makalio, na hapo hakuna nguvu itakayotosha. Mtu akiinama ipasavyo makalio huinuka yenyewe. Hesabuni pamoja hadi tatu, asimame, atulie, ageuke kwa hatua ndogo, aguse kiti kwa mkono mzima na kwa nyuma ya miguu, ndipo aketi. Usimfanyie anachoweza. Kama anaweza asilimia sitini ya kazi, aifanye sitini hiyo hata ikichukua dakika nne.

Ikiwa hawezi kushikilia kiwiliwili akiwa ameketi bila kuegemea, mtu mmoja asijaribu kumsimamisha peke yake.

Chakula, maji na vidonge

Kupaliwa si lazima kuje na kikohozi. Wapo ambao koo limepoteza hisia, maji yanaingia njia ya hewa kimya kimya, na dalili ya kwanza ni homa siku mbili baadaye. Basi sikiliza sauti. Akishameza, mwombe aseme "aaa" ndefu. Sauti ikiwa na majimaji kama mtu anayesukutua, kuna kitu kimebaki kooni: akohoe, ameze tena, kabla ya kijiko kingine. Kupumua kwa kasi katikati ya mlo na uchovu usio wa kawaida navyo ni ishara za kusimamisha.

Aketi wima kabisa, ikibidi kwa mito, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Kijiko kiwe cha chai. Weka chakula upande mzima wa mdomo na ungoje koromeo lipande na kushuka kabla ya kuongeza. Televisheni izimwe, maongezi yasubiri. Mwisho wa mlo pitisha kidole ndani ya shavu dhaifu. Tonge la mchana hukutwa hapo usiku. Kisha mswaki, hata kama hana jino na hata kama analishwa kwa mrija, kwa sababu mate yanayoshuka mapafuni yakibeba bakteria wa mdomo mchafu ndiyo huleta nimonia.

Maji matupu ni magumu kumeza kuliko uji mzito. Yanakwenda kasi kuliko koo lililolegea. Akiandikiwa unga wa kuyafanya maji yawe mazito, pima kwa kijiko kilekile kila mara kama pakiti inavyosema, na ungoje dakika zilizoandikwa, maana mchanganyiko huendelea kuwa mzito. Wagonjwa wengi hawapendi maji haya na hunywa kidogo mno, kwa hiyo hesabu vikombe. Mkojo wa rangi ya kahawia na kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi ni upungufu wa maji.

Usisage kila kidonge. Vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole au vipite tumboni bila kuyeyuka, na kuvisaga ni kumpa dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Muulize mfamasia kidonge kwa kidonge.

Anayelishwa kwa mrija wa puani, kabla ya kila mlo angalia alama ya mrija penye tundu la pua. Ikiwa imesogea, usimimine kitu, kwa sababu ncha inaweza kuwa imetoka tumboni. Kichwa kiwe juu, pembe ya nyuzi 30 hadi 45, wakati wa kulisha na hadi saa moja baadaye. Kama daktari hakuweka mpaka wa maji, sukuma mililita 30 za maji kabla na baada; bila hivyo mrija huziba.

Marudio, na mkono unaosahauliwa

Ubongo uliojeruhiwa hujipanga upya kwa marudio, na marudio yanayohitajika ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2009 watafiti huko Amerika Kaskazini walichapisha hesabu ya kinachofanyika hasa ndani ya vipindi vya tiba. Mkono dhaifu ulifanya kwa wastani vitendo 32 vya maana kwa kipindi, ilhali wanyama katika maabara hufanyishwa mamia kwa siku. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2023 unataka angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano za wiki, kwa mgonjwa mwenye malengo ya kutibiwa. Ni familia chache duniani zinazopata hilo. Ndiyo maana vitendo vya siku vinapaswa kubeba sehemu kubwa.

Lakini pasiwe na udanganyifu. Jaribio la ATTEND lililofanyika India na kuchapishwa mwaka 2017, likiwa na wagonjwa 1,250, liliwafundisha wanafamilia kufanya tiba nyumbani, na baada ya miezi sita vifo na utegemezi havikupungua kulinganisha na huduma ya kawaida. Ninavyolisoma mimi, familia haiwezi kugeuzwa kuwa mbadala wa mtaalamu. Pale timu yenye fiziotherapia, tiba ya kazi (ya kumrudisha kwenye shughuli za kila siku) na tiba ya matamshi inapomfuata nyumbani mgonjwa mwenye ulemavu mdogo au wa kati, matokeo ni mazuri. Familia huendeleza alichoacha mtaalamu, naye lazima arudi kupandisha ngazi.

Zoezi lenye faida kuliko yote nyumbani ni kusimama na kuketi. Anza na kiti kirefu, ukiongeza mto mgumu juu yake. Mguu dhaifu uwe nyuma kidogo ya mguu mzima, la sivyo atasimama kwa mguu mmoja na ule dhaifu utabaki pambo. Mara tano, apumzike, arudie, mizunguko mitatu au minne kwa siku. Akizoea, punguza urefu wa kiti. Tazama goti: likikunjika ghafla, au likijifunga kwa kurudi nyuma, simamisha na uulize.

Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Kimo chake ni hadi mkunjo wa kifundo cha mkono unapoachiwa pembeni akiwa amevaa viatu. Fimbo mbele, mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi, kupanda huanza mguu mzima, kushuka huanza mguu dhaifu.

Kuhusu kile kipira cha kubinya kiganjani ambacho kila mgeni hukileta: mkono wa kiharusi kwa kawaida haukosi kufumba, unakosa kufumbua. Kubinya kutwa kunauzoeza jambo ambalo tayari linazidi. Afadhali kufungua vidole kuzunguka kikombe cha plastiki, kukiachia, kukishika tena. Ikiwa anaweza kuinua kifundo cha mkono na kufumbua vidole japo kidogo, muulize mtaalamu kuhusu kuzuia mkono mzima kwa makusudi ili dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio la EXCITE la Marekani, 2006, lilifanya hivyo kwa wiki mbili, wagonjwa wakivaa glavu nene mkono mzima muda mwingi wa kuwa macho, na mkono dhaifu ulifaidika. Asiye na mwendo wowote kifundoni asifungwe mkono mzima; utakuwa umemnyima mkono alionao.

Kwenye nguo, mkono dhaifu huingia kwanza na hutoka mwisho.

Ngozi, choo na usiku

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, na kila ugeuzaji uwe ukaguzi: kiuno kwa nyuma, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko. Bonyeza penye wekundu au rangi iliyokolea. Pasipobadilika ukibonyeza, hapo kidonda kimeanza, na dawa yake ni kutopalalia tena mpaka parudi kawaida. Visigino vielee, mto ukiwa chini ya shavu la mguu.

Choo kwa saa, si kwa kungoja aseme. Mpeleke kila baada ya saa mbili mchana. Kuanguka kwingi hutokea mtu anapokimbilia choo peke yake gizani, kwa hiyo taa ya usiku na chombo cha mkojo upande wake mzima vina thamani kuliko vifaa vingi vya bei. Mikeka na waya viondoke njiani.

Akianguka, usimnyanyue papo hapo. Uliza panapouma, tazama kama mguu umefupika au umegeuka nje. Akiwa amegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali hata kama anaongea vizuri.

Yasiyoonekana

Kuna mgonjwa anayekula nusu ya sahani na kusema chakula kimekwisha. Macho yake yanaona. Ubongo wake umeacha kuujali upande mmoja, mara nyingi wa kushoto. Keti upande huo unapoongea naye, mguse, mwite aufuate. Lakini kengele, maji na simu vikae upande anaoujali, maana hivyo ni vya usalama.

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Swali moja kwa mara, lenye jibu la ndiyo au hapana, kisha nyamaza na uhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Usipaze sauti, masikio yake ni mazima. Na usimalizie sentensi zake isipokuwa ameomba kwa macho.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, na huwa inafichwa nyuma ya neno "amechoka". Kukataa mazoezi, kukataa chakula, kuamka alfajiri na kukaa kimya kwa zaidi ya wiki mbili ni sababu ya kumwona daktari. Tofautisha na kilio au kicheko kinachomlipuka bila sababu na kukatika ghafla. Hicho ni jeraha la ubongo, nacho kina tiba yake. Inatosha kubadili mazungumzo bila kumkemea.

Na anayeuguza alale. Usiku wa kugeuza kila saa mbili hauwezi kubebwa na mtu mmoja kwa miezi. Gawaneni usiku kwa ratiba iliyoandikwa. Atakayefanya zamu ya pili naye aonyeshwe bega na kuhamisha, maana madhara mengi hufanywa na msaidizi wa siku moja aliyekuja kwa nia njema.

Presha na kiharusi cha pili

Karibu kiharusi kimoja kati ya vinne humpata mtu aliyewahi kukipata. Presha ndiyo inayoongoza. Pima asubuhi na jioni, baada ya kuketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umekaa usawa wa moyo. Tumia mkono mzima, kwa sababu misuli iliyokakamaa au kulegea upande mwingine inaweza kupotosha kipimo. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Miongozo mingi inataja chini ya 130/80, lakini lengo la mgonjwa huyu ni lile aliloandika daktari wake. Presha ikishatulia, dawa zinaendelea. Imetulia kwa sababu ya dawa hizo.

Uso kushuka, mkono kulegea, maneno kuvurugika: dalili hizi watu wanazijua. Ugumu ni kwamba mgonjwa wetu tayari anazo, na usiku wa manane mtu hubaki akijiuliza kama mdomo ulikuwa hivi hivi jana. Kwa hiyo rekodi video ya nusu dakika kila mwezi: atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina lake na siku ya leo. Siku utakayotilia shaka, linganisha mara moja. Kukiwa na kipya, usimpe maji, maana anaweza kupaliwa, wala aspirini, kwa sababu hujui kama safari hii mshipa umeziba au umepasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na huhesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana yuko katika hali yake ya kawaida. Aliyeamka na dalili huhesabiwa tangu alipolala. Andika saa hiyo kwenye karatasi, chukua dawa zake zote na simu yenye ile video, na mwambie daktari wa dharura saa uliyoandika kabla ya kueleza jambo jingine lolote.